Kumbe haikuwa fangasi, nilivyomaliza ule uchafu wenye harufu

Wadada, naandika nikiwa nimepumua sasa. Kama miezi miwili hivi nilikuwa natokwa na majimaji ya kijivu, mepesi, yananuka shombo ya samaki, na baada ya tendo ndo balaa. Mi najua kila kitu fangasi, nikanunua klotrimazoli ya kuweka ukeni duka la dawa hapa Mafinga, wapi, nikawa najiosha ndani kwa sabuni na maji ya vuguvugu (baridi ya huku mnaijua), ndo ikazidi.

Nikaenda kituo cha afya. Nesi akaniuliza swali moja tu, "Unawashwa au inanuka?" Nikamwambia dada, kuwashwa hapana, ni harufu tu. Hapo ndo penyewe! Fangasi inawasha, uchafu wake mzito kama maziwa mgando na haunuki hivyo, yangu ilikuwa bakteria. Wakapima kwa pamba, nikapewa metronidazoli miligramu 500 asubuhi na jioni siku 7, ulanzi (pombe ya mianzi) marufuku. Siku ya 3 harufu ikakata ila dozi nikamaliza yote. Sabuni ndani nimeacha, naosha nje tu kwa maji.

Ukiona ya kijani au njano yenye povu, au tumbo la chini linauma, kapime mapema, na mwenzako uende naye.