Ubao wa wekibodi kwa mtu mzima anayeanza: panda mizani kwanza

Watu wengi wakienda kutazama ubao wa wekibodi, yaani ule wa kusimama juu ya maji ukivutwa kwa kamba nyuma ya boti, huusimamisha wima pembeni yao, waone unawafika kifuani au kidevuni. Kipimo hicho hakisaidii. Ubao unabeba kilo, kwa hiyo mrefu mwembamba wa kilo 62 atafaa ubao mfupi kuliko mfupi mnene wa kilo 90. Kabla ya kuulizia bei, jipime. Wale vijana wenye mizani barabarani Kariakoo, Dar es Salaam, wanatosha kabisa. Chukua kilo za leo, usitumie zile unazozikumbuka.

Mwenye kilo chini ya 55 atafute ubao wa sentimita 130 hivi. Kilo 55 hadi 70, sentimita 132 hadi 136. Kilo 70 hadi 85, sentimita 136 hadi 140. Kilo 85 hadi 100, sentimita 140 hadi 144. Ukizidi hapo, anzia 144 na kupanda. Kila kampuni ina jedwali lake, na jedwali la ubao wenyewe ndilo la kufuata, maana mbao mbili za urefu mmoja huweza kupishana upana. Majedwali ya Marekani huandika uzito kwa paundi: zidisha kilo zako kwa 2.2.

Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Hapa sina shaka hata kidogo, na sababu yake iko kwenye zile sekunde chache za kuondoka. Umelala chali majini na jaketi la kuokolea maisha, magoti yamekunjwa kifuani, ubao umekaa kwa ubavu mbele yako, kamba imenyooka. Boti inaanza kuvuta, maji yanasukuma tumbo la ubao, na msukumo huo ndio unaokuinua. Ubao mkubwa una eneo kubwa la kusukumwa, kwa hiyo unapanda juu ya maji boti ikiwa bado inakwenda taratibu. Ubao mdogo unadai mwendo zaidi. Nahodha anaongeza moto, mikono inavutika, unakunja viwiko kujivuta kwenye mpini, ubao unalala mapema na unazama. Ukirudia hivyo mara kadhaa, viganja na mikono vimekwisha nguvu, na utadhani tatizo ni mwili wako kumbe ni sentimita sita zilizopungua.

Usipitilize, lakini. Mtu wa kilo 60 akipewa ubao wa 146 atanyanyuka vizuri, kisha atashindwa kuugeuza, kwa sababu ni mzito na mpana kwa miguu yake.

Baada ya urefu, tazama mpindo. Uweke ubao sakafuni uutazame kwa ubavu. Ukiona umepinda kwa mstari mmoja laini kutoka ncha hadi ncha, kama tumbo la mtumbwi, huo unamfaa anayeanza: unateleza bila kukatikakatika na unageuka kwa utaratibu unaotabirika. Ukiona katikati ni bapa halafu ncha zimekunjwa juu ghafla, huo umetengenezwa kurusha watu hewani. Anayeanza auache kwanza. Na uangalie mapezi chini yake. Anayeanza anayahitaji, tena marefu kidogo, maana ndiyo yanayozuia ubao usiteleze kiubavu. Mbao zisizo na pezi hata moja aghalabu ni za kuvutwa na kebo iliyofungwa kwenye minara, si za nyuma ya boti.

Viatu vya ubao huuzwa mara nyingi mbali na ubao. Kama mtatumia watu kadhaa, chukua vile vilivyo wazi mbele ya vidole, maana vinapokea saizi nyingi. Mguu uingie kwa kusukuma, na kisigino kisinyanyuke ukiinama. Sabuni ya maji iliyozimuliwa inasaidia kuuingiza. Vifunge kwa upana wa mabega au zaidi kidogo. Cha mbele kielekee mbele kwa nyuzi 15 hadi 20, cha nyuma kiwe sifuri hadi 9. Siku za mwanzo sogeza vyote viwili tundu moja nyuma, ncha ya mbele ibaki juu. Ikizama, unaanguka kifudifudi, na hilo ndilo anguko linalouma kuliko yote.

Kwa ubao uliotumika, bonyeza uso wote kwa kidole gumba. Panapobonyea pameachana ndani. Kisha ingiza skrubu katika kila tundu la kiatu. Nyingi ni za milimita 6, nazo zikizunguka bila kukaza, uzi umeliwa. Uache ubao huo hata ukiwa bei ya kutupa. Skrubu za chuma cha pua zitafute Gerezani, kwa sababu za kawaida zinashika kutu kwa chumvi na kugandia humo humo.

Bahari yetu nayo ina neno. Ghuba ya Msasani asubuhi na mapema huwa shwari. Upepo ukishaamka maji yanachafuka, na ubao mdogo unakurusha kila wimbi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua saizi kubwa. Kagua pia maji kujaa na kupwa: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti inapita mita 3, na mahali ulipopita asubuhi pana miamba mchana. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, unapata nafasi ndefu zaidi ya kufanya mazoezi.

Mwambie nahodha aanze taratibu na akishakuinua abaki kilomita 25 hadi 28 kwa saa, kamba ikiwa mita 15 hadi 18. Ukiona hata kwa mwendo huo maji yanakupiga usoni na ubao unakokota mkia, kwanza sogeza uzito kidogo kuelekea mguu wa mbele. Ukiendelea hivyo hivyo, ubao ni mdogo, badilisha. Mkimaliza, usuuze kwa maji baridi ya bomba, legeza skrubu zote, na uuanike kivulini.