Ua Moja, Dumu Moja

Habari za basi nitaziruka. Itoshe kwamba kitindamimba wangu, mwenye miaka mitano, alikatiwa tiketi ya mtu mzima, kisha akalala mapajani mwangu kutoka Segera hadi Gairo, na kiti alicholipiwa akakikalia mama mmoja aliyepandia Chalinze na kuku wake wawili. Tulishuka stendi ya Nanenane saa tatu usiku, upepo ukatupiga vumbi usoni, nikajua kweli nimefika Dodoma.

Dada yangu alihamia huku mwaka 2017, wizara zilipokuwa zinahamishwa kutoka Dar. Miaka ya mwanzo kila akipiga simu ni kilio: hakuna bahari, samaki analiwa kwa picha, ngozi inapasuka. Mwaka huu wimbo ukabadilika. "Njoo na watoto likizo ya mwezi wa sita. Siku hizi tuna bustani." Nilicheka. Kumwita mtu wa Tanga aje Dodoma kuangalia maua ni sawa na kumwita Mpemba Bara aje aone karafuu.

Siku mbili tatu za mwanzo sina cha kusimulia. Jioni moja tulikwenda Nyerere Square, watoto wakala askrimu na kupiga picha chini ya sanamu ya Mwalimu. Siku nyingine bustani ya Chinangali, na hapo nilinyamaza kidogo, maana watoto walicheza mpaka tukawatoa kwa kuwaburuta. Shemeji, ambaye hajui kukaa kimya akiona kitu cha serikali, akatusomesha njia nzima: kwamba uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, ramani ya mji ilichorwa na kampuni ya Canada, ikamalizika 1976, na waliochora walitaka mji wa watu kutembea kwa miguu, wenye maeneo ya wazi na miti kila mtaa. Nikamuuliza hiyo miti ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Akasema, shemeji, uliza maji.

Ningeishia Chinangali nisingekuwa na kisa. Lakini dada akasema ipo bustani nyingine, nje kidogo ya mji, ya mtu binafsi, "ya maua hasa". Jina lake silitaji, na mbele utaona kwa nini.

Jumamosi tukatoka Ilazo kwa dada watu saba, bajaji mbili, shilingi 5,000 kila moja baada ya kuvutana. Getini kiingilio: mkubwa 3,000, mtoto 2,000. Wakubwa watatu, watoto wanne. Hesabu mwenyewe: 17,000 hata jani sijaliona. Haya, nikalipa. Mlinzi akainua kifuniko cha hotipoti niliyobeba.

"Mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri, na baridi ile ya Dodoma inayoingia mpaka kwenye meno, nikakaanga sambusa ishirini. Kumi za nyama, kumi za dengu. Nikamweleza. Nikamwambia tumetoka Tanga. Nikamwambia mtoto ana tumbo, hali vya dukani, uongo mtupu. Kijana akatabasamu kwa adabu zote, akachukua hotipoti, akaiweka chini ya meza yake karibu na chupa ya chai, akanipa kipande cha boksi kilichoandikwa 14. Ndani, chipsi mayai inauzwa 5,000. Kwetu Ngamiani kwa hela hiyo unakula wewe, anakula jirani, na chenji inabaki.

Lakini maua, nisiwe mchoyo wa maneno. Nje ya ule ukuta nchi yote ilikuwa kahawia, miiba, mbuzi, na mbuyu mmoja mkubwa usio na jani hata la dawa. Unavuka geti tu, bogonvilia za rangi nne zimelala juu ya ukuta, kanna nyekundu zimesimama kama watoto wa gwaride, waridi mistari na mistari, na kwenye mapipa yaliyokatwa nusu kuna yale mawaridi ya jangwani yenye shina lililovimba kama mguu wa mtu mwenye matende. Dada ananitazama usoni anasubiri nikubali. Nikasema, "Si mabaya."

Bembea zilikuwa mbili, mnyororo wa moja umeungwa kwa waya. Jumba la upepo la kurukia, dakika kumi 2,000. Nilikuwa bado nafanya hesabu hiyo niliposikia dada mtu, yule wa miaka tisa, anaita: "Mamaa! Mdogo wangu kachuma!"

Nilimkuta ameshika waridi jekundu, na mbele yake amesimama mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani, gambuti miguuni. Dakika chache kabla nilikuwa nimemwona benchi moja na mlinzi wanakunywa chai. Nikajiandaa kwa faini, maana kibao kipo: USICHUME MAUA, FAINI 10,000. Mkono ulishaingia kwenye mkoba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anazungumza na mwanangu.

"Umelipenda?"

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Haya. Hapa kwetu ua moja, dumu moja."

Akamshika mkono, wakaenda. Nami nikafuata nyuma, sijui kama nimetozwa au nimesamehewa. Kwenye kona kulikuwa na simtanki, na pembeni yake kopo la rangi la lita nne lililotiwa kishikio cha waya. Mzee akamwambia: ukijaza hili mara tano, umetimiza dumu la lita ishirini, deni limekwisha. Bomba, akanieleza sasa, halitoki kila siku. Lisipotoka huagizwa boza, gari la maji, na boza likija mwenye bustani anahesabu matone. Kwa hiyo waridi hanyweshi asubuhi, anasubiri jua lilegee, na shina halipewi zaidi ya linachostahili.

Akachuchumaa anionyeshe. Kila shina limezungushiwa kibeseni cha udongo, na juu ya udongo ametandaza maganda ya karanga, tele, kama unga juu ya meza ya mandazi. Akachokoa kwa kidole: juu makavu yanakatika, chini yake udongo mweusi, wa baridi, bado na unyevu wa juzi. "Jua likija linakunywa maganda, halifiki huku." Kwenye miche michanga alikuwa amefukia chupa za maji ya dukani, mdomo chini, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, kitako kimekatwa cha kujazia. Nikaweka sikio. Sikusikia kitu, bali nikaona povu moja dogo linapanda.

Nikamuuliza maua haya kayajulia wapi. Akasema kwao Wagogo maji yalikuwa ya watu na ng'ombe, nani angemnyweshea ua? "Ua letu ni la mbuyu. Njoo mwezi wa kumi na moja. Linafunguka jioni, jeupe, limeinama, popo wanakuja. Asubuhi liko chini." Akaonyesha kwa mdomo ule mbuyu wa nje. "Yule hajawahi kuniomba hata kikombe."

Hapo nikawaza nyumbani, sikupenda nilichowaza. Bogonvilia ya getini kwetu hakuna aliyewahi kuimwagilia. Tunaikata kwa panga na kuitukana kwa sababu ya miba. Tanga mvua inanyesha zaidi ya mara mbili ya hii ya Dodoma. Uwanja tuliokuwa tunacheza rede na kombolela, nyuma ya mtaa wetu, leo ni fremu za maduka, na nilipojaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nimewapeleka hawa watoto bustani ya Jamhuri, pale pale baharini, bila kiingilio, bila mlinzi wa hotipoti, sikukumbuka. Nimepanda basi mchana kutwa kuja kulipa 17,000.

Kitindamimba wakati huo yuko safari ya tatu, kopo limemshinda uzito, nusu inaishia kwenye viatu. Wenzake wakaona. Binamu zake wakaacha jumba la upepo ambalo nilishalilipia dakika kumi, zimetumika nne, nao wakataka kopo. Wakaja na watoto wa watu wengine. Mzee akajaribu kuwapanga foleni akashindwa. Kila mtoto anataka shina lile lile, waridi lililochumwa, kwa sababu ndilo "lenye deni". Sijui lilikunywa madumu mangapi. Kibeseni kilifurika, maganda ya karanga yakaelea, maji yakavuka mpaka kwenye ukoka.

Na ndipo maharusi wakaingia.

Jumamosi, tungejua. Bustani nzuri Jumamosi ni ya maharusi. Mpiga picha mbele, kalipia kipindi chake na hana muda wa kupoteza, akatufukuza kwa mikono kama kuku: "Jamani watoto, jamani wazazi, dakika tano." Akamchagulia bibi harusi mahali, kwenye waridi, kwenye ukoka mbichi kuliko wote. Mzee akafungua mdomo. "Hapo..." Mpiga picha akasema, "Mzee, toa ndoo zako."

Mzee akatoa ndoo zake.

Bibi harusi akapiga hatua mbili, kisigino kikaingia ardhini chote. Akavuta, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Wapambe wakapiga kelele, mmoja akaenda kumshika, na yeye akazama. Ile hadithi ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama topeni, watu wakasema "Idodomya", amezama, nimeisikia tangu shule ya msingi. Sikutegemea kuisikia kutoka kwa mwenyewe. Mzee kasimama na ndoo zake mkono huku na huku, uso mkavu kabisa, akasema taratibu: "Idodomya." Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Bibi harusi, Mungu amjalie, naye akacheka, na picha akapigwa peku.

Tulipotoka jua lilikuwa linazama. Nilitoa kipande changu cha 14, nikapewa hotipoti, nikafungua pale pale. Sambusa kumi na saba. Nikahesabu tena. Mlinzi akawa anatazama barabara.

"Kijana, zilikuwa ishirini."

"Labda upepo, mama. Huku una nguvu."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Mzee alikuwa amekuja kutusindikiza, amelifunga lile waridi kwenye kitambaa kibichi kwa ajili ya safari. Nikaona si haki aondoke mikono mitupu baada ya yote yale, nikamsogezea hotipoti, nikamwambia karibu babu, chukua upendayo.

Akainama akazitazama. Kwa nje zinafanana zote, nimezikunja kwa mkono mmoja.

"Nipe ya nyama," akasema. "Zile za dengu umezidisha pilipili."

Kimya. Mlinzi akageukia ukuta. Kitindamimba wangu akamtazama babu, akaitazama hotipoti, akanyoosha vidole kimoja kimoja.

"Madumu matatu," akasema.