Mwanza ya kwenye simu na Mwanza ya mlimani

Ukikaa sana Ulaya, Mwanza hubaki picha ya miamba na ziwa kwenye simu, na ukijenga nyumba huko kwa kutuma hela, kila ucheleweshaji huonekana wizi. Fundi akisimama Aprili, ndugu anayekusimamia ujenzi analaumiwa. Kumbe ni masika.

Kiwanja cha mlimani hakianzi na tofali. Kinaanza na msingi wa mawe (mawe kwetu si tatizo) na ukuta wa kuzuia udongo, wenye matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake. Bila matundu, maji hujaa nyuma na kuusukuma ukuta hadi upasuke. Zege limwagiliwe maji walau siku 7.

Tuma hela kwa hatua, baada ya video ya hatua iliyopita. Ndugu msimamizi naye alipwe, na kiasi kiandikwe mapema.