Siku yangu moja kwenye chumba cha vidonda hapa Kigoma

Saa 12 asubuhi nishapanda bodaboda kutoka Mwanga, saa 1 na nusu tunapokezana zamu, leo wa kufunga vidonda ni saba na watatu ni wa kisukari. Hao watatu ndo wananikosesha usingizi.

Saa 3 kaingia mzee mvuvi wa Kibirizi na kijana wake. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, ila hakaumi haka kadonda ka mguuni." Jamani, kutouma huko ndo hatari yenyewe! Kisukari kimeua mishipa ya fahamu, msumari umetoboa kandambili ukamwingia akatembea nao siku nzima hajui, mkewe ndo kaona damu jioni. Wiki 3 wanapasua dawa ya rangi mbili wananyunyizia unga juu. Sasa usaha, harufu, sukari 22, iko juu mno, na watu wengi hawajui kwamba usaha wenyewe nao unapandisha sukari.

Nikashika juu ya mguu kutafuta mapigo, yapo, nikashukuru Mungu maana damu isipofika hata dawa haifiki. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu unajificha kwahiyo napima joto kwa mgongo wa mkono, limesambaa mbali na kidonda. Daktari akaingiza kifimbo butu cha chuma taratibu kikagota kitu kigumu. Tukaangaliana tu. Ikigota mfupa, mara nyingi mfupa nao umeshaoza. Eksirei, insulini, antibayotiki ya mshipani, kulazwa leo leo. Mzee anauliza nyavu zake nani atazishona.

Saa 7 ugali na dagaa, chapchap.

Saa 8 bibi wa Ujiji, alikatwa vidole viwili mwaka jana, kidonda kimefunga kabisa, anafurahi na mimi nafurahi, ila vidonda vya miguu vya kisukari vikishapona karibu 40 kati ya 100 hurudi ndani ya mwaka. Nikamgusa nyayo zote kwa ule uzi wa plastiki wa gramu 10 wa kupima kama mguu unahisi, kisigino cha mguu ule usiokatwa vidole hasikii. Nimemwambia mjukuu amkague kila jioni mpaka katikati ya vidole, na viatu avikung'ute kabla ya kuvaa.

Saa 10 nikapita wodini. Mzee katoka thieta, kidole kimeondoka, mguu upo. Kijana wake kaniomba nimwonyeshe kuukagua ule mwingine, tukainama wote wawili na tochi ya simu.

Kesho asubuhi bandeji naifungua mwenyewe, nataka nione nyama ina rangi gani.