Nilivyoifuatilia Rejimenti ya 301 ya Mizinga

Katika ukoo wetu habari ilikuwa fupi. Kaka mkubwa wa babu aliingia Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa kwenye mizinga, akafia Bama, nchi inayoitwa leo Myanmar. Picha haikuwepo, wala barua, wala nambari ya jeshi. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, ndiye aliyenituma: "Wewe unayejua kusoma vya Wazungu, nitafutie baba mkubwa alizikwa wapi."

Kwa anayetaka kufuatilia askari wa mizinga, neno "mizinga" peke yake halimfikishi mbali. Jeshi la Waingereza liliita kila kikosi chake cha mizinga rejimenti, likakipa nambari na aina: ya uwanja wa vita, ya kutungua ndege, ya kupiga vifaru. Rejimenti ya uwanja kwa kawaida ilikuwa na mizinga 24 ya ratili 25 (ndio uzito wa kombora lake), katika makundi matatu ya mizinga minane minane. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na tawi letu, Mizinga ya Afrika Mashariki, na humo rejimenti za uwanja za 301, 302 na 303. Bila nambari hujui umfuate nani. Kikosi kimoja kinaweza kuwa pwani wakati jirani yake yuko India.

Sikuwa na nambari, basi nilianzia kwa waliokufa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ambayo mtu yeyote anaisoma bure kwenye intaneti. Niliandika jina letu kwa kila namna niliyoweza, sikupata kitu. Makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia. L ikawa R, irabu zikaanguka, jina la baba likageuka la mtoto. Kwa hiyo niliacha jina kabisa, nikachagua jina la tawi tu, Mizinga ya Afrika Mashariki, nikaanza kusoma orodha yote mstari kwa mstari.

Hapo ndipo nilipotulia. Tarehe zilianza kujirudia. Ukurasa baada ya ukurasa, 12 Februari 1944, 12 Februari 1944. Vita vya porini haviui hivyo; huua watatu leo, mmoja kesho, na homa inachukua wengine. Mamia ya watu wa kikosi kimoja kufa siku moja maana yake ni maji. Jina letu lilikuwa humo, limekosewa herufi chache, pamoja na jina la baba yake lililoondoa shaka. Rejimenti ya 301.

Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, kisiwani Sri Lanka, katika msafara wa meli uliopewa alama KR 8, ikiwa na watu 996 wa rejimenti hiyo, mabaharia wa jeshi la Uingereza, na wauguzi wanawake. Karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Kati ya watu 1,511 waliokuwa ndani walikufa 1,297.

Hadi hapo nilijua mwisho wake. Nilichotaka ni njia nzima, na njia ya kikosi iko kwenye shajara ya vita. Kila kikosi cha Waingereza kilipaswa kuandika shajara kwa fomu maalumu: mahali, tarehe, saa, kilichotokea, na viambatisho. Zimehifadhiwa Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na zimepangwa kufuata kamandi, yaani eneo la vita lenye makao makuu yake. Mafungu ya WO 169 (WO ni alama ya Wizara ya Vita) ni ya Mashariki ya Kati, na Afrika Mashariki imo humo. Madagaska ni WO 174. Asia ya Kusini-Mashariki ni WO 172. Kikosi kikihama kamandi, karatasi zake nazo zinahamia fungu jingine, na anayetafuta fungu moja tu atadhani kikosi kimepotea.

Nauli ya London sikuwa nayo. Binti wa dada yangu anasoma huko, akanifanyia kazi kwa moyo wote. Kadi ya msomaji ni bure ukiwa na vitambulisho, ndani unaruhusiwa penseli tu, na kupiga picha kwa kamera yako hakulipiwi. Nilimwandikia aombe mafaili ya makao makuu yaliyokuwa juu ya kikosi pia, kwa sababu amri ya kuhama hutoka juu, na aliyeitoa huandika nani anakwenda, na siku gani.

Lakini siku za baharini hazitafutwi kwenye shajara ya kikosi cha nchi kavu. Anayeandika ni jeshi la majini. Ripoti za misafara ziko ADM 199 (ADM ni alama ya makao ya jeshi la majini), na madaftari ya meli kubwa za kivita, kama Hawkins iliyousindikiza msafara huu, yako ADM 53. Angalia sana saa: mabaharia huweka herufi ya ukanda wa saa kando ya muda, na ripoti mbili zinazoonekana kupingana huweza kuwa zinasema dakika ileile.

Sehemu hii ni ngumu kusoma, na sitaki kuipitia haraka. Baada ya meli kuzama nyambizi ilijificha chini, pale pale walipokuwa wanaogelea walionusurika. Manowari Paladin ilikuwa ikishusha mashua kuwaokoa. Manowari Petard ikaingia kutupa mabomu ya chini ya maji, ikijua watu wetu wanaogelea juu ya nyambizi hiyo, kwa sababu nyambizi ikiachwa ingezamisha na meli nyingine. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikaharibiwa kwa topido siku ileile. Nimesoma hoja za pande zote na sina la kumhukumu nahodha wa Petard. Ninachodai ni kwamba wale waliokuwa majini wahesabiwe katika habari hii kwa uzito uleule wa ushindi.

Nilimpeleka shangazi Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki una majina ya waliozama. Alinitaka nimsomee majina ya waliokuwa jirani na jina letu pia, kisha akauliza, "Kwa hiyo Bama hakufika?" Nikamwambia hakufika. Akasema basi na wenzake nao kwao hawajui.

Sasa jirani ameniletea habari za babu yake wa Rejimenti ya 303, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Huyo alifika Bama na akarudi. Tumeanza na WO 172, mwezi wa Agosti.