Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Yohana 9:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura hii imenikumbusha mtu ambaye hamkutarajia kumkuta kwenye tafakari: Ivar, Mviking wa karne ya 9, yaani mmoja wa wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya. Anatajwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la wapagani lililotua mashariki mwa Uingereza mwaka 865, likateka mji wa York mwaka uliofuata, na mwaka 869 likamuua Mfalme Edmund, ambaye Kanisa humkumbuka kama shahidi kila Novemba 20.

Ivar aliitwa “Asiye na Mifupa”. Kwa nini? Wapo wanaodhani alizaliwa na ugonjwa wa mifupa kuvunjikavunjika. Wengine wanasema alisifiwa kwa wepesi wa kujipinda kama nyoka, wengine kwamba hakuwa na nguvu za kiume. Hakuna mifupa iliyothibitishwa kuwa yake, basi mjadala unaendelea.

Lakini simulizi ya Iceland, iliyoandikwa karne nne hivi baada ya kifo chake, ina jibu lake. Inasema mama yake, Aslaug, alimsihi mumewe Ragnar asimkaribie kwa siku tatu tangu ndoa yao. Ragnar hakungoja. Mtoto, yaani Ivar, akazaliwa na gegedu (kitu laini kama cha sikio) mahali pa mifupa, akawa mtu wa kubebwa.

Mmeona? Kosa limetupwa kwa wazazi. Ndilo swali la wanafunzi wa Yesu barabarani walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alilikata palepale: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Kisha akainama, akafanya tope kwa mate, akampaka macho.

Na kama kweli Ivar alikuwa na ugonjwa ule, madaktari wa leo wanajua kwamba chanzo chake huwa hitilafu katika jeni, na mtoto anaweza kuzaliwa nao hata kama baba na mama ni wazima kabisa.

Ivar mwenyewe simtetei. Damu iliyomwagwa na jeshi lake ni nyingi mno. Ila ukatili ule haukutoka miguuni mwake.

Wapendwa, wapo kina mama wa watoto wenye ulemavu kati yetu wanaoulizwa swali hili wodini, mtaani, hata mlangoni pa kanisa: “Ulifanya nini?” Wengine wameacha kuja ibadani kwa sababu yake. Kama unamfahamu mmoja, mtembelee wiki hii. Mbebe mtoto wake, muulize jina lake, na Jumapili wafuate nyumbani mje nao.