Mdomo wa Paipu

Land Rover ile ililetwa gereji kwetu Gungu, Kigoma, ikivutwa kwa mnyororo nyuma ya Fuso. Ilikuwa 109 ya Series III, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli, yenye breki za dramu magurudumu yote manne. Mwenyewe, mwalimu mstaafu wa Kasulu, alikuwa ameshamaliza bodi, rangi na injini. Zilibaki breki tu. "Vijana wangu, nataka isimame kama siku ilipotoka kiwandani," alisema. Tukaiinua juu ya magogo, nikaingia chini na tochi.

Kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, ilifungwa paipu ya shaba nyekundu, ile wanayotumia mafundi friji. Nilipopitisha kidole nyuma ya nati nikakuta unyevu. Nikaifuta kwa kitambaa, ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya paipu, na kingo zake zimeota ukijani. Shaba tupu hufa hivyo. Mtikisiko wa gari huikomaza na kuifanya ngumu pale pale inapotoka kwenye nati, halafu siku moja inapasuka. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya paipu inapita baa 70, yaani zaidi ya mara thelathini ya upepo wa tairi. Paipu ya friji haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na aliyeifunga pale alimpa mzee gari la kumuulia kwenye mteremko.

Tuliamua kung'oa zote, hata zile za chuma zilizoonekana nzima, maana chini ya vibanio vyake kutu ilikuwa imeshakula nusu ya ukuta. Badala yake tuliagiza kunifer kutoka Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na treni. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli, kama asilimia 10, na chuma kidogo. Haishiki kutu, inakunjika kwa mkono, na haichoki kama shaba tupu. Volvo walianza kuzifunga kiwandani miaka ya 1970. Zilikuwa roli mbili za futi 25, kipenyo 3/16 ya inchi, ambayo ni milimita 4.75, ukuta milimita 0.7. Roli ya pili ni ya midomo, yaani ncha za paipu zinazopanuliwa ili zizibe, itakayoharibika, na itaharibika.

Hatukupima kwa futi kamba. Tulichukua waya wa kufungia nondo, tukaukunja kufuata njia yote ya paipu ya zamani, kona kwa kona, mbali na ekzosi, kisha tukaunyoosha na kuongeza sentimita tatu. Paipu ya zamani yenyewe haikutupwa mpaka mpya imekaa mahali pake.

Kukata ni kwa kikata paipu cha gurudumu, kinakazwa kidogo kidogo kila mzunguko. Msumeno wa chuma unaacha mdomo uliopinda na unga wa chuma ndani, na unga huo ukifika kwenye masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, unachana raba. Baada ya kukata, ndani ya tundu hubaki ukingo mkali. Tuliukwangua kwa ncha ya kisu huku paipu ikielekezwa chini, tukapiga mdomo tupa laini ukawa bapa kabisa, tukapuliza kwa kompresa. Halafu nati inaingizwa kwenye paipu, kabla ya kutoa mdomo. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alitoa midomo miwili safi kwenye paipu ndefu ya nyuma, kisha akaiona nati moja bado iko mezani. Ikabidi kukata.

Kutoa mdomo ndiyo kazi yenyewe. Nati dume, yenye meno nje, hukandamiza mdomo wa duara uliovimba kama kichwa cha uyoga mdogo. Nati jike, yenye meno ndani, hutaka mdomo uliofunguka kama tarumbeta, kisha kingo zikakunjwa ndani kwa mara ya pili. Ukichanganya, nati itakaza vizuri na paipu itavuja hivyo hivyo, kwa sababu kinachozuia mafuta ni mdomo kulala sawasawa kwenye kitako chake. Meno ya nati kazi yake ni kusukuma tu. Ndiyo maana tepu nyeupe ya mabomba ya maji haina nafasi kwenye breki. Haizibi kitu, na nyuzi zake zikikatika zinakwenda kuziba tundu.

Tulibana paipu kwenye mashine ya mkono iliyoshikwa na jiliwa, paipu ikachomoza sawa na unene wa ngazi ya kidude cha kusukumia. Ikichomoza zaidi, mdomo unalala upande; ikipungua, unatoka mwembamba. Tone moja la mafuta ya breki kwenye ncha, kaza mpaka igote, legeza, kagua kwa kioo cha kukuza. Mdomo wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo mdogo upande mmoja. Ukaenda kwenye chuma chakavu. Mpaka jioni tulikuwa tumetupa midomo mitano.

Siku ya pili nati ikatudanganya. Gari lilikuwa la nati za zamani, 3/8 ya inchi zenye meno 24 kwa inchi moja. Wili silinda mpya ya nyuma kushoto, ile inayosukuma viatu vya breki ndani ya dramu, tuliyouziwa kwa maelezo kwamba ni ya gari hilo hilo, ilikuwa ya milimita 10, hatua ya meno, yaani kutoka jino hadi jino, milimita 1. Nati ya 3/8 ina upana wa milimita 9.5 tu, kwa hiyo inaingia humo kwa vidole bila kulalamika. Ilizunguka mara mbili, ikawa nzito kama nati inayogota, nikaiongeza robo. Ikalegea ghafla. Nilipoichomoa, uzi wa chuma uliosokotwa ulining'inia kwenye meno yake kama unyoya. Silinda ikawa haifai tena. Tangu siku hiyo kila nati mpya tunaijaribu kwanza ikiwa tupu, bila paipu: iingie yote kwa vidole, na isicheze ukiitikisa. Tulisubiri silinda nyingine siku sita.

Kufunga kulikwenda haraka: kibanio kila sentimita 30, kona zikakunjwa kwa kuzungushia soketi ya 24 ili paipu isibonyee.

Kutoa upepo ulionaswa kwenye paipu za 109 kunahitaji subira, kwa sababu kila dramu ya mbele ina silinda mbili zinazounganishwa na paipu fupi, na upepo hujificha humo. Kwanza tulikaza marekebisho ya viatu vya breki mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, ili viatu visiwe na pa kusogea. Tukaanza na gurudumu la mbali na masta silinda, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mafuta ya breki yalikuwa ya daraja la DOT 4, chupa mpya ambayo haijafunguliwa, maana hunyonya unyevu wa hewa, na huku ziwani unyevu upo. Yalipodondokea bodi tuliosha kwa maji papo hapo, yasije kubabua rangi ya mzee.

Kisha tukafunga karatasi ya chooni kwenye kila nati. Kijana alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote dakika tano, nami nikapita chini na tochi. Karatasi moja, kwenye tii ya ekseli ya nyuma, kiungo ambapo paipu hugawanyika kwenda magurudumu mawili, ilikuwa na doa dogo kama punje ya mtama. Tukafungua, mdomo ulikuwa mzuri ila chembe ya mchanga ilikaa kwenye kitako. Tukasafisha kwa spiriti, tukarudia. Zote zikakauka.

Asubuhi tulirudisha marekebisho ya viatu, mzee akashika usukani mwenyewe. Tuliteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, akakanyaga mara tatu njiani, na kila mara gari lilisimama likiwa limenyooka. Kipande cha kunifer kilichobaki na nati nne za 3/8 tulimfungia kwenye gazeti, akaviweka chini ya kiti.